Homa ya mafua iliahirishwa, haikwisha

Mwenye duka la dawa anayeagiza mali kwa kutazama mauzo ya mwaka uliopita tu anajitafutia hasara. Australia ni mfano. Mwaka 2019 wagonjwa wa homa ya mafua waliothibitishwa na maabara walizidi 300,000. Mipaka ikafungwa kwa ajili ya Uviko-19, watu wakakaa majumbani, na mwaka 2021 hawakufika hata 1,000. Mapema mwaka huo Reckitt ya Uingereza, watengenezaji wa Strepsils, walikiri kuwa mauzo ya dawa zao za mafua yameporomoka.

Waliodhani soko limekufa walikosea hesabu. Watu waliokaa misimu miwili bila kukutana na virusi, hasa watoto wadogo, walipungukiwa kinga. Mipaka ilipofunguliwa mwaka 2022, homa ilianza mapema kuliko kawaida, ikapanda kwa kasi mwezi Mei, na wagonjwa wa mwaka wakapita 225,000. Tena chanjo haiwekwi ghalani kungoja bei. Ya msimu huu haiuzwi msimu ujao. Mwekezaji mdogo aliyeuza hisa kwa hofu ya takwimu za 2021 aliamua kwa kutazama mwaka mmoja tu.