Picha ya Kiuno Yaweza Kudanganya

Miguu ikifa ganzi na kuishiwa nguvu, wengi hukimbilia kupigwa picha ya MRI ya kiuno. Picha nayo haikosi kitu: mtu akishapita miaka 50, pingili zake aghalabu zimechakaa, hata kama hajawahi kuumwa. Basi lawama huangukia kiuno, na wapo waliopasuliwa bure.

Kumbe ugwe wa neva uliomo ndani ya uti wa mgongo huishia karibu na pingili ya kwanza ya kiuno! Kifua kikuu cha mifupa au uvimbe ukiubana, ni huko juu, ambako picha ile haikufika. (Siwalaumu wapiga picha, hupiga walipoagizwa.)

Msomaji, miguu ikikakamaa ukawa wajikwaa, muulize daktari kama shingo na kifua vimepigwa picha. Mkojo ukizuilika, nenda hospitali siku hiyo hiyo.