Mwongoza Watalii Alindwe

Wageni wengi wanaopumzika katika fukwe zetu za Unguja hutokea Serengeti, na huko mtu wanayemtegemea kuliko wote ni dereva awaongozaye. Yeye ndiye ajuaye kwamba kundi la swala likisimama ghafla na kutazama upande mmoja, kuna hatari upande ule. Na kwamba chui aliyejificha mtini husalitiwa na mkia wake unaoning'inia.

Ndiye pia aonaye yasiyoonekana ofisini. Duma huwinda mchana ili aepukane na simba na fisi, ambao humpora windo lake. Jike hulea watoto peke yake. Hupanda juu ya kichuguu kuangaza mbuga, na papo hapo dereva mmoja akaita wenzake kwa redio, magari yakamzunguka, swala wakatimka. Siku hiyo watoto hulala na njaa.

Kwa nini dereva husogea? Bahshishi hufuata picha, na anayebaki mbali hurudi kambini akilaumiwa. Kumwadhibu yeye peke yake, mwajiri asiguswe, si haki hata kidogo. Tunawataka wahusika wamwajibishe na mwenye kampuni, na wamlinde mfanyakazi anayekataa kuiacha barabara.

Sisi wa visiwani tuna sababu ya kulisema hili. Chui wa Unguja, aliyeingia katika vitabu vya sayansi mwaka 1932, aliwindwa kwa kampeni baada ya Mapinduzi ya 1964. Leo vijana wetu wa Jozani huwaonyesha wageni kima punju. Chui humsimulia tu.