Waya wa taa si wa hita



Natoa dukuduku langu kuhusu baadhi ya mafundi wenzangu wa umeme, ambao huchagua waya kwa kuangalia bei badala ya kuangalia kazi itakayofanywa na waya huo.

Siku hizi wananchi wengi wanafunga hita za kuogea. Hita ya wati 5,500 ukiigawanya kwa volti 230 za umeme wetu unapata ampia 24 hivi. Hesabu hiyo haihitaji chuo. Lakini fundi anaiunga hita hiyo kwenye waya wa 1.5, yaani waya wa taa, ambao ukiwa ndani ya bomba ukutani uwezo wake ni ampia 15 hivi. Ieleweke kwamba umeme ukizidi mara mbili, joto la waya huzidi mara nne. Kwa hiyo ampia 24 katika waya wa ampia 15 zinaleta joto zaidi ya mara mbili na nusu ya lile linalostahili, na plastiki ya waya wa kawaida imekusudiwa nyuzi 70 tu.

Mwanzoni breka inakata, na mwenye nyumba angepaswa kushukuru. Badala yake anamwita fundi, anamwambia breka ni mbovu, na fundi anatoa ya 16 na kuweka ya 32! Nimeyakuta hayo katika nyumba mbili, na katika moja plastiki ilikwisha kuwa nyeusi huko darini. Kazi ya breka ni kulinda waya, siyo hita. Ukiikuza breka ukauacha waya ule ule, waya ndio unaogeuka fyuzi, tena fyuzi iliyolazwa juu ya mbao za paa.

Hita hiyo ipewe waya wake peke yake kutoka kwenye breka, wa 4 kwa uchache, na ukipita chini ya bati uwe wa 6, maana joto la nyuzi 50 hupunguza uwezo wa waya kwa zaidi ya robo.

Umbali nao una hesabu yake. Mwenye mashine inayokula ampia 20, aliyevuta waya wa 2.5 kwa mita 60, anapoteza volti 21 na ushei njiani, kisha anailaumu TANESCO kwamba umeme ni mdogo. Kwa waya wa 6 asingepoteza hata volti 9.

Najua waya mnene ni ghali. Hata hivyo napendekeza kila fundi mwenye leseni ya EWURA alazimishwe kubandika ndani ya kasha la breka karatasi inayoonyesha ukubwa wa waya na breka ya kila njia, ili fundi atakayefuata asibahatishe. Je, wahusika wanasemaje?

Fundi Umeme,
Morogoro.