Kicheko Si Masahihisho

Kuna watu ambao wakisikia mtu amekosea Kiingereza hucheka kwanza, kusahihisha baadaye, kama watakumbuka. Mimi nafundisha Kiingereza, na nasema hivi: wengi wa wachekaji hao hawawezi hata kueleza kosa lenyewe ni nini.

Chukua sentensi hii: "Although it was raining, but we went." Mwalimu anapiga mstari mwekundu chini ya "but", basi. Mwanafunzi anaondoka na aibu bila kanuni. Kumbe sentensi ile ina mpango kamili, ila ni mpango wa Kiswahili: "Ingawa mvua ilikuwa inanyesha, lakini tulikwenda." Kwetu "ingawa" na "lakini" hukaa pamoja bila ugomvi. Kiingereza kinataka kimoja tu, ama "although" ama "but". Maelezo hayo hayamalizi dakika moja.

"The book which I bought it." Mchekaji anasikia ujinga. Mimi nasikia "kitabu nilichokinunua": kuna "-cho-" ya urejeshi na "-ki-" ya mtendwa, na mwanafunzi amezihamisha zote mbili kwa uaminifu. Mwambie Kiingereza kinatosheka na "which", hiyo "it" aiache.

"My mother, he is a nurse." Huyu hajasahau kwamba mama yake ni mwanamke. Amekulia katika lugha ambayo "yeye" ni mmoja kwa baba na mama. "Informations" nayo? Taarifa moja, taarifa kumi, neno ni lilelile. Kaambiwa wingi wa Kiingereza ni "s", kaiweka.

Sisemi makosa yaachwe. Hapa Tanzania, watoto wengi wa shule za serikali husoma msingi kwa Kiswahili, kisha Kidato cha Kwanza wanakuta Biolojia na Hisabati kwa Kiingereza. Kosa lisilosahihishwa linaweza kumnyima mtoto alama katika somo analolielewa vizuri. Ndiyo maana kicheko ni ghali. Aliyechekwa hanyooshi mkono tena. Asiyesema hasikiki akikosea, na asiyesikika hasahihishwi. Anamaliza shule na makosa yake yote, yakiwa salama kifuani.

Na mchekaji huyohuyo akiandika "ana sema" kwa maneno mawili, au akitamka "vitabu zangu", hakuna anayeshika mbavu. Basi si sarufi anayoitetea. Anatetea cheo ambacho Kiingereza kinampa mbele ya wenzake.

Kwa hiyo, msomaji, ukisikia kosa, jiulize kwanza: nyuma yake kuna sentensi gani ya Kiswahili? Ukiipata, mwoneshe mwenzako zote mbili, hii na ile, kwa upole. Usipoipata, tafuta. Na kama hutaki kutafuta, funga mdomo, mwache mwenzako amalize alichokuwa anasema.