Mchongaji aende chuo kusoma historia? Swali la mzazi mmoja

Majira haya ya kujaza fomu za vyuo, simu nyingi zinazoingia katika kipindi chetu cha asubuhi ni za wazazi. Mmoja wao, baba wa kijana anayechonga vinyago, alituuliza swali ambalo hatukuwa na jibu lake la haraka: mtoto wake ameshika patasi tangu darasa la tano, sasa kwa nini yeye alipe ada ili kijana akakalishwe darasani kusomeshwa picha za watu waliokwisha kufa?

Swali limekuja kwa wakati wake. Tanzania ilianza mkondo wa amali katika sekondari mwaka 2024. Kenya nayo imeanza sekondari ya juu mwaka 2026 ikiwa na njia tatu, mojawapo ya sanaa na sayansi ya michezo. Vijana watakaofika vyuoni wakiwa tayari wanajua kazi ya mikono wataongezeka.

Ubishi wenyewe si mgeni Afrika Mashariki. Margaret Trowell alipoanza kufundisha sanaa Makerere mwaka 1937, alihofia kwamba wanafunzi wakionyeshwa mno michoro ya Ulaya wataishia kuiga. Alipenda wachore hadithi na maisha ya kwao. Cecil Todd aliyempokea mwaka 1958 alikuwa na mtazamo mwingine: akaweka historia ya sanaa, pamoja na ile ya Ulaya, ndani ya mafunzo. Katika chuo hicho hicho walipita Gregory Maloba, aliyechonga mnara wa uhuru ulioko Kampala, Elimo Njau, na Sam Ntiro, ambaye baadaye alikuwa balozi wa Tanganyika mjini London. Kwa maoni yetu Trowell na Todd kila mmoja alikuwa na nusu ya jibu.

Tumtazame Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 na kufariki mwaka 1972. Ukimsoma vitabuni tu, utaambiwa ana rangi kali, mistari iliyokatika vizuri na wanyama waliojaa fremu nzima. Ni kweli, lakini kwa nini? Mpe mwanafunzi kipande cha hadibodi na rangi ya kung'aa, ile ya kupaka baiskeli, aipake mwenyewe. Ataona inavyonata na kung'aa, na inavyokataa kuchanganywa polepole kama rangi za mafuta za wachoraji. Inakulazimisha upake eneo zima, usubiri likauke, ndipo uweke mstari juu yake. Hapo ndipo mwanafunzi anaelewa kwamba sehemu ya mtindo ule ilitoka kwenye kopo la bei nafuu. Hilo mhadhara peke yake haulifikishi. Na aliyekulia kwenye kibanda cha wachoraji bila kusoma anaweza kuchora twiga miaka ishirini asijue nani alianza, wala kwa nini.

Milango ya Zanzibar ni vilevile. Mwanafunzi akichonga mwenyewe mnyororo mmoja kwenye ubao, kisha akasoma kwamba milango ya juu bapa ilitangulia na ile yenye upinde ikaja na mvuto wa Kihindi, atausimamia mfaa wa mlango na kuusoma kama anavyosoma barua.

Tatizo liko kwenye pesa na ratiba. Mhadhara wa historia unaweza kubeba wanafunzi mia kwa projekta moja. Karakana inataka nafasi, mbao, tezo, msasa na mwalimu anayepita meza hadi meza. Bajeti ikibana, karakana ndiyo inayoumia. Kwingine huwa kinyume: chuo kinataka fundi wa haraka, historia inafutwa. Na hata pale vyote viwili vipo, mara nyingi ni kama majirani wasiosalimiana: Jumatatu mhadhara, Alhamisi kuchonga, na walimu wao hawajawahi kukaa meza moja. Hili ndilo linalotusumbua zaidi.

Tukarudi kwa yule baba. Kijana wake hatafundishwa patasi upya. Anachoweza kupata ni namna ya kuandika kuhusu kazi yake anapoomba nafasi kwenye maonyesho, kumweleza mnunuzi kinyago kimetoka katika mkondo gani, na mlango wa kazi nyingine kama ualimu au makumbusho siku mgongo utakapochoka. Kuchonga kunachosha mgongo. Mafundi wenyewe hulisema.

Hatukumwambia alipe. Tulimwambia aende chuoni kabla ya ada, aulize mambo matatu: saa ngapi za karakana kwa wiki, mti na rangi ananunua nani, na kama mwalimu wa historia huwa anaingia karakana. Alicheka kwa hilo la mwisho, akasema atatupigia akirudi.