Gari Lililotuleta ni la Nani?

Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilinishinda. Nikaanza kuuza habari hapa Malindi: ikitoka nalipwa, isipotoka shauri yangu. Kwa hivyo siongei kama malaika, naongea kama mtu aliyekuwa ndani.

Siku moja mheshimiwa fulani alitubeba waandishi sita kwa gari lake, twende huko bara akazindue kisima. Mfereji ukafunguliwa, maji yakatoka, picha zikapigwa. Mama mmoja akanivuta kando akaniambia tangi lilijazwa na lori la maji usiku uliopita. Nilimsikia vizuri. Lakini jioni kule hakuna matatu, na ndani ya gari kulikuwa na bahasha. Habari yangu ikatoka na maji, bila mama. Hakuna aliyeniagiza. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Basi siku ile ulimi uliolamba ulikuwa wangu.

Sisi tunazoea kulia mitambo ikizimwa. Tarehe 30 Januari 2018 serikali ilizima Citizen, NTV na KTN News kwa sababu ya kiapo cha Raila pale Uhuru Park. Tarehe 25 Juni 2025 Mamlaka ya Mawasiliano ikaamuru vituo viache kurusha maandamano moja kwa moja. Sawa, tupige kelele. Lakini siku ambazo mitambo inawaka, nani huwa anaongea?

Machi 2024 ofisi za serikali zilielekezwa kupeleka matangazo yao ya redio na runinga KBC pekee. Hapo huhitaji polisi wala kuzima chochote. Kila mhariri anaelewa pesa ziko wapi na ni kauli gani zinazifukuza.

Mei mwaka huo huo, watu wa Uyombo hapa Kilifi waliandamana kupinga mtambo wa nyuklia, polisi wakawatawanya. Habari nyingi nilizosoma mimi zilianza na megawati 1,000 na shilingi bilioni 500. Mvuvi anayeuliza samaki wake watakuwaje alikuja aya ya mwisho, tena kama alikuja. Hakuna uongo hapo, kila neno ni kweli. Upendeleo uko kwenye foleni: nani anatangulia, nani anasubiri mpaka nafasi iishe.

Mtaniambia mwandishi naye lazima ale. Kweli, hata mimi nakula. Katiba, kifungu cha 34, inaikataza serikali kutuingilia. Haiwezi kutukataza kujiuza wenyewe. Basi nadai mstari mmoja tu chini ya kila habari: nani alitusafirisha, nani alitulipa. Msomaji atajipimia.

Naanza na wangu. Gari lilikuwa la mheshimiwa. Bahasha nilichukua. Mama alisema tangi lilijazwa na lori, na mimi sikuandika.