Dereva mpya asibebeshwe watu

Bukama. Kijana akipata permi hapa Bukama, ndugu wanamuuliza: sasa utaendesha gari gani? Mwenyewe anataka remorke ya shaba, zile zinazotoka Kolwezi kupitia Likasi na Lubumbashi hadi mpakani Kasumbalesa. Huko kuna lami na mshahara. Lakini wenye remorke wanataka mtu mwenye miaka barabarani. Basi kijana anarudi kwa patroni wa hapa, anapewa kamyo ya mahindi na samaki, mara nyingi ile iliyochoka kuliko zote, na juu ya magunia wanapanda watu.

Hapo ndipo penye kosa. Shaba haina roho, nayo inapewa dereva mzoefu. Mama mwenye mtoto mgongoni, mhami anayerudi kuona shamba aliloliacha, hao wanapewa dereva wa wiki mbili.

Wenye magari wanajibu kwamba kila mtu lazima aanzie mahali fulani. Kweli. Aanzie basi kwenye bene ya mchanga na matofali, mjini, mchana, akirudi kulala kwake. Pesa ni kidogo na vijana wengine wanaona haya, eti si udereva huo. Lakini humo atajua jinsi gari lenye mzigo linavyokataa kusimama, na akikosea atamwaga mchanga tu. Kisha akae pembeni ya dereva mkubwa kwenye barabara ya Luena na Lubudi, msimu mzima wa mvua, udongo unapoteleza kama sabuni, ndipo aachiwe usukani.

Patroni atasema bila abiria safari hailipi. Anajua anachosema: nauli ya watu wa juu mara nyingi ndiyo chakula cha dereva na msaidizi wake, ndiyo pia ya kutoa kwenye bariere. Yaani familia zilizokimbia makwao zinalipa mshahara ambao yeye hakuutoa! Reli ilifika Bukama mwaka 1918, lakini treni haina siku ya kutegemewa, na familia hizo hazina gari lingine la kuchagua.

Dereva anaweza kuchagua. Atakayepewa ufunguo kesho asubuhi aulize kwanza breki zilitazamwa lini, na nani atapanda juu. Nao wanaongoja gari pale sokoni, kabla ya kupandisha watoto, wamuulize yeye: barabara hii umeipita mara ngapi?